Herufi ya Mwisho ya Baba Yake Jagoda

Bi Deolinda Coelho alikuwa mwanamke mwema, ila ukimpa karatasi anakuwa mbogo. Katika ofisi ya vizazi na ndoa ya mji ule mdogo wa Ureno alishaandikisha ndoa za watu mpaka wengine wakarudi kwake kuoa mara ya pili. Kilichomkosesha usingizi maishani ni kimoja tu: herufi isiyokaa mahali pake. Hata mkahawani alisahihisha orodha ya vyakula kwa kalamu kabla ya kuagiza supu.

Siku hiyo walikuja Jagoda na Bogna, Wapolandi wawili waliokuwa wakioka mikate mtaa wa pili. Vyeti vyote wanavyo, vimetafsiriwa na kugongwa mihuri. Ndoa ni saa sita na kitoto cha nguruwe kiko tanurini tayari. Kwamba maharusi wote ni wanawake halikumshangaza mtu, hayo yalishazoeleka. Lakini Bi Deolinda alisoma cheti cha kuzaliwa cha Jagoda, akavua miwani.

"Wewe Sowińska. Baba yako Sowiński. Mwanangu, huyu si baba yako."

"Ni baba yangu, Bi Deolinda! Kwetu jina la mwanamke linaishia na a."

"Ala! Mimi ni Coelho, maana yake sungura, kama marehemu baba. Kwa hiyo kwenu ningeitwa Coelha? Sungura jike?"

"Lingekukaa," akasema Bogna. Jagoda akamkanyaga mguu.

"Chekeni tu. Mimi siandiki uongo kwenye kitabu cha serikali. Mpigie huyo baba, anithibitishie mwenyewe."

Kicheko kikamkauka Jagoda. Baba yake alikuwa amemsusa tangu siku alipomtajia Bogna. Mwaliko wa harusi hakuujibu, na simu ya Krismasi aliikata.

"Shangazi yangu hafai?"

"Shangazi ndiye aliyekuzaa?"

Bi Deolinda aliona jinsi uso wa binti ulivyobadilika, akajua ametonesha kidonda. Alisikitika. Lakini ile herufi nayo bado ilikuwa inamtazama.

Jagoda akapiga, akafungua spika. Simu iliita mpaka Bi Deolinda akaanza kuona haya. Hatimaye ikapokelewa; kulisikika kikohozi tu cha mzee.

"Baba," Jagoda alisema kwa Kipolandi, Bogna akimtafsiria Bi Deolinda sikioni. "Niko ofisini, Ureno. Kuna mama hapa anasema mimi si mwanao."

Simu ikalipuka kwa makelele ya mzee.

"Anasemaje?" aliuliza Bi Deolinda.

"Anauliza ni mbwa gani... samahani, ni bibi gani huyo. Anasema gari lilikwama kwenye theluji, akambeba Jagoda begani hadi kanisani kubatizwa. Pua hiyo ni yake, na ukaidi huo ni wake. Huyo ni binti yake, na anayebisha aende akamwambie usoni."

Jagoda alikuwa ameshaketi sakafuni, analia kama mtoto. Bi Deolinda, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukosea, aliinamia simu akapiga kelele kwa Kireno, kana kwamba mzee ni kiziwi:

"Nimeandika, bwana! Ni wako!"

Mzee akavuta pumzi. Sauti ikashuka.

"Hiyo harusi ni saa ngapi?"

"Saa sita, Baba."

"Basi usikate simu."