Mikono Nyuma, Masikio Mbele

Siku ya kwanza niliingia dukani nimevaa viatu vya marehemu mama, vikubwa kidogo miguuni, na Patron akaniuliza swali moja tu.

"Vidole yako iko na nguvu?"

Nikamjibu kwamba nafua nguo za watu watano.

"Sawa. Basi utaweza kuzuia vidole ya bengine."

Patron alikuwa mzee wa familia ya Maniema, mtu wa kofia nyeupe na maneno machache. Duka lake lilikuwa katikati ya mji wa Lubumbashi. Aliuza redio, ampli na nyaya, lakini fahari yake ilikuwa spika ndogo za bei kubwa, zile za kuweka juu ya rafu. Sisi tunaziita bafle. Moja unaweza kuibeba kwapani, na jozi yake ilimfanya mteja ameze mate akisikia bei. Vijana wanaoniuliza leo kazi ya kupima spika ilikuwaje hutarajia niwaambie habari za mashine. Kazi yenyewe ilianza na vidole, na kwa vidole imenitesa maisha yangu yote.

Mtu wa mji huu hanunui kitu bila kukifinya. Parachichi anafinya, mkate anafinya, samaki mkavu wa Pweto anamfinya mpaka mgongo unalia. Basi akiingia dukani, hata awe daktari mwenye tai, akiona spika uso wazi, kidole gumba kinakwenda chenyewe kwenye twita.

Nieleze kidogo. Spika hizi zina vipaza viwili. Cha chini ni wufa, koni pana ya karatasi au plastiki inayosukuma sauti nene. Cha juu ni twita, kuba dogo kama kifuniko cha chupa, linalotoa sauti nyembamba: matoazi, filimbi, na herufi ya s mdomoni mwa mwimbaji. Kuba la hariri ukilifinya, mara nyingi hurudi. Kuba la alumini halirudi. Linabonyea kama sufuria iliyoanguka, na tangu siku hiyo kila mwimbaji anasikika kama anapiga mluzi penye pengo la jino.

"Mikono nyuma, masikio mbele," Patron alinifundisha kuwaambia wateja. Kisha akaongeza, bila kunitazama: "Twita mbili zilishakufa. Ya tatu ikifinywa mbele yako, unarudi kwenu."

Kwetu palikuwa mtaa wa Makomeno, na sikuweza kurudi huko bila kazi. Baba na mama walifariki karibu karibu. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule, nikabaki na wadogo zangu wanne. Familia ilikuwa imekwisha kutugawa: Ilunga aende Kasumbalesa kwa kaka yake mama, wale wawili wa katikati waende Pweto kwa shangazi anayeuza samaki, Mado, kitinda mimba, aende kwa jamaa nisiowajua, na mimi niolewe. Nilikataa. Kaka yake mama, ambaye kwetu tunamwita yomba, alikuwa wakala wa forodha pale mpakani, mtu aliyezoea kuzuia malori mpaka karatasi zitimie. Akaniwekea sharti.

"Kazi yako ikishika mpaka mwisho wa mwaka wa shule, batoto banabakia na weye. Ikikufa, nakuja kubakamata bote."

Kwa hiyo kila kidole gumba kilichoingia dukani kilikuwa kinaelekea kwa wadogo zangu.

Kupima nilifundishwa na Chef technicien, fundi mkuu wa duka, mtu wa asili ya Kasai, mwimbaji wa kwaya, mwenye subira ndogo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumheshimu. Alinikalisha kwenye kiti, spika mbili mbele yangu juu ya vigoda, twita usawa wa masikio, mimi na spika tukifanya pembe tatu. Akacheza wimbo wa mwanamke anayeimba peke yake.

"Unasikia nini?"

"Nasikia muzuri, Chef."

"Muzuri haiko kitu! Muzuri ni ya kusema ku harusi. Ule mama eko wapi? Eko karibu ao eko mbali? Eko na meno?"

"Meno, Chef?"

"Meno! Bafle ya kweli inakuonyesha meno. Rudia."

Nilirudia miezi mingi. Nilijifunza kwamba jozi ikiwa nzuri, mwimbaji husimama katikati, mahali ambapo hakuna spika. Akiwa kila upande na hayupo popote, waya mmoja umegeuzwa, chanya kwenye hasi, na wufa moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Nilijifunza kwamba tundu la nyuma, lile linalosaidia besi, likibanwa na ukuta linageuka tumbo linalounguruma. Nilijifunza kwamba koni ndogo lazima iende mbali mbele na nyuma ili itoe sauti nene, na kwamba zipo spika zinazodanganya: zinapuliza sauti ya katikati ionekane besi. Hizo ndizo wateja walizipenda zaidi.

Wateja! Tuliwauzia vitu vilivyotengenezwa kwa akili nyingi, nao wakavifungia kabatini na kitambaa cha kufuma juu. Waliweka chombo cha maua juu ya spika, na maji ndani ya chombo. Walikuja wakilalamika kwamba hazisikiki nje, uani, kwenye matanga ya watu mia, kana kwamba tuliwauzia kengele za kanisa. Bwana mmoja, mwalimu wa chuo, aliweka spika moja sebuleni na nyingine jikoni.

"Ili Madame naye asikie," aliniambia.

"Papa, hii ni jozi. Mwimbaji sasa eko mu ukuta."

"Lakini Madame anafurahi."

Utamwambia nini mtu kama huyo? Wengine walisikiliza hadi mwisho, wakasimama, wakaenda kufungua pazia nyuma ya spika kutafuta ile kubwa tuliyoificha. Umeme ulipokatika tukawasha jenereta, walisifu jinsi besi inavyotetemesha sakafu.

Jumamosi moja, kabla mwaka wa shule haujaisha, yomba aliingia dukani bila taarifa, mkoba wa karatasi za forodha kwapani. Chef alikuwa akiwachezea daktari na mkewe jozi mpya, twita za alumini, wavu wa mbele umeondolewa. Nilipiga goti kidogo kumsalimu, kama inavyotupasa. Akazunguka chumba kizima kwa macho.

"Njo hii kazi?" akauliza, kwa njo yetu ya kusema ndiyo.

"Njo hii, yomba."

"Banakulipa juu ya kusikiliza?"

"Juu ya kusikiliza na kujua, yomba."

"Hata miye nasikiliza. Kila siku nasikiliza bashofa ba malori banalia." Mke wa daktari akacheka, na yomba akapata nguvu. Akainama kwenye spika ya kushoto. Kidole gumba kikatoka.

"Yomba, mikono nyuma."

"Eh! Weye njo unanituma miye?"

Kidole hakikusimama. Nami nikakipiga. Sikukisukuma wala kukishika. Nilikipiga kwa kiganja wazi, paa, kama mtu anayeua mbu, na sauti yake ilikuwa kali kuliko kitu chochote kilichochezwa siku ile.

"Yesu!" akasema mke wa daktari.

Yomba aliutazama mkono wake muda mrefu. Halafu akanitazama mimi. "Umenipiga," akasema, taratibu kabisa, akachukua mkoba wake, akatoka. Twita ilikuwa salama. Nilisimama pale nikiitazama, nikaichukia.

Jumapili ya juma lililofuata familia ilikaa kwetu Makomeno. Shangazi alikuwa amefika kutoka Pweto, na nguo za wadogo zangu wawili zilikuwa zimekwisha kufungwa kitambaani. Mado alikuwa ameshika sketi yangu. Yomba ndiye aliyefungua kikao.

"Mutoto anapiga yomba yake mbele ya bantu. Ule njo atalea batoto?"

Nilipiga magoti, nikaomba radhi kwa mkono wangu. Niliomba vizuri, kwa moyo, kwa sababu nilikuwa nimemkosea mkubwa wangu.

"Sema pia hautarudia," shangazi akanihimiza, sauti ya chini.

Ningeweza kulisema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini Jumatatu ningerudi dukani, na yomba angeweza kuja tena.

"Nikimuona anafinya tena, nitapiga tena."

Shangazi akajishika kichwa. Yomba akasimama, akasema basi, kikao kimekwisha, Ilunga alete viatu vyake. Ilunga hakuviendea. Ndipo tuliposikia hodi, Patron akaingia na kofia yake nyeupe, Chef nyuma yake. Walipewa viti. Patron alisalimia kila mtu, hata Mado, akauliza habari za barabara ya Kasumbalesa, mpaka nikatamani kupiga kelele.

"Nasikia kuko neno juu ya mukono," akasema mwishowe. "Ule mukono ni wangu. Miye njo nilimwambia: azuie kila muntu, hata gouverneur, mukubwa wa jimbo."

"Gouverneur ni sawa," yomba akajibu. "Miye niko yomba yake. Na kama ni weye, Patron? Angekupiga weye?"

Patron akanyoosha mkono wake wa kuume, akaugeuza ili wote waone.

"Alishanipiga. Juma ya kwanza. Nilitaka kumujaribu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa sijamwambia mtu kwa aibu. Shangazi akaanza kucheka, kwanza ndani ya kitenge chake, kisha wazi, mpaka machozi. Yomba hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu yake ya mpakani, naiona hata leo usoni mwake.

"Alipiga patron yake, na patron yake akamuacha ku kazi?"

"Nilimuacha."

"Basi ile kazi iko ya kweli," yomba akasema, akaketi tena. "Haitakufa. Batoto babakie."

Nguo zikafunguliwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo yomba alikuja dukani kila alipopita mjini, mikono nyuma, kuuliza kwa sauti kubwa kama bado nasikiliza. Alinichosha sana. Alipofariki niliona duka limekuwa pana.

Patron alipozeeka, binti yake alishika duka, tukamwita Directrice, na mimi nikawekwa msimamizi wa chumba cha kusikilizia. Teknolojia ilibadilika mbele ya macho yangu. Zilikuja koni za nyuzi zilizofumwa, nyepesi na ngumu. Zikaja twita za utepe, karatasi ya chuma nyembamba iliyokunjwa kama sketi ya shule, tamu kusikiliza na rahisi kuua. Zikaja spika zenye twita ndani ya tumbo la wufa, ili sauti zote zitoke mahali pamoja. Hizo nilizipinga mwaka mzima, na nilikosea. Halafu yakaja makuba ya berili, chuma chepesi na kikavu ambacho kikifinywa hakibonyei, kinapasuka, na vumbi lake ni sumu. Nilimweleza hayo mhandisi mmoja wa mgodi, neno kwa neno.

"Berili?" akasema. "Inatoka ku mine gani?" Na kidole kikaenda.

Miaka yangu ya mwisho dukani walikuwa wakija wamesoma kila kitu kwenye simu. Waliujua uzito wa sumaku na hawakutaka kuketi. Nikawaambia, ketini kwanza, msikilize mtu mmoja anaimba. Wakasema wameshaiona video. Wameiona! Basi, nimewaachia wengine hao.

Niliacha kazi siku nilipogundua kwamba sauti za juu kabisa zimeniondoka. Directrice aliweka jozi niliyoijua, nami nikasema twita ya kulia imekufa. Haikuwa imekufa. Tulizibadilisha mara kadhaa, upande kwa upande kama Chef alivyonifundisha, na kifo kilibaki kwenye sikio langu. Directrice alisema naweza kubaki kama mshauri. Nikamwambia mtu asiyesikia meno ya mwimbaji hashauri chochote. Nilirudisha ufunguo siku hiyohiyo.

Nilidhani sasa nitapumzika. Wadogo zangu wakafanya kikao juu yangu. Ni watu wazima, wameenda walikotaka kwa miguu yao wenyewe: Ilunga ana malori Kasumbalesa, Mado ni muuguzi Pweto, wale wawili wako Kolwezi. Wameamua kwamba haifai nikae peke yangu. Nyumba ya Makomeno ipangishwe, na mimi nizunguke, miezi kadhaa kwa huyu, miezi kadhaa kwa yule, kama sanduku la safari. Walipiga simu wote wanne pamoja kunipa habari hiyo, kila mmoja akianza na "Yaya, tulifikiria muzuri," maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya, na kila mmoja akimkata mwenzake.

Simu yangu ina spika ndogo kuliko ukucha. Besi haina kabisa, sauti ya katikati inatoka puani, kila herufi ya s inakwaruza. Katika maisha yangu yote ya kupima sijashika kifaa kibovu kuliko hicho. Nao walikuwa wakisema wote kwa pamoja, wakipigania chumba nitakacholala, na nilijua kila neno ni la nani, hata nani amevuta pumzi kabla ya kusema, hata Mado aliyekuwa ameanza kulia kimya akidhani hasikiki.

"Sitoki Makomeno," nikasema. "Mwenye kunitaka anajua nyumba."

Wakaanza upya, wote wanne. Halafu Mado akauliza, "Yaya, uko unatusikia?"

"Nabasikia bote," nikasema. "Museme moja-moja."