Kabla Maji Hayajapoa

Juzi stima zilipotea hapa Nyamira, nikaazima pasi ya makaa kwa jirani ninyooshe sare za watoto. Ilipogusa kitambaa chenye unyevu, ule mvuke uliochanganyika na moshi ukanipanda puani, na papo hapo sikuwa mama wa mtu tena. Nilikuwa Moraa wa darasa la nne, niko kwetu Nyacheki, ni Ijumaa alasiri, na Mama anapiga pasi taulo za kutawadhia miguu huku akiliangalia jua, lisije likatua na kuingiza Sabato kabla hajamaliza.

Kwa asiyejua, sisi Wasabato hatuli Meza ya Bwana kabla ya kutawadhana miguu. Wanawake hubaki ndani ya kanisa, wanaume hutoka nyuma, kila mmoja anatafuta mwenzake, anapiga magoti, anamwosha miguu na kumpangusa. Asiyetawadhwa hali mkate. Mama alikuwa shemasi, na taulo, mabeseni na maji ya moto vilikuwa juu yake, maana baridi ya kwetu haiwahurumii hata watakatifu. Sokoro, yaani babu yangu mzaa baba, alikuwa mzee wa kwanza wa kanisa. Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hivyo kwetu mwenye kuzika, kupatanisha na kuumega mkate alikuwa Sokoro.

Ijumaa hiyo Baba alikuwa anarudi nyumbani, na ndiyo sababu Mama aliichoma taulo moja na wala hakujilaumu.

Baba alikuwa amefukuzwa. Magokoro, nyanya yangu, alipofariki, Baba alikuja kwenye mazishi amelewa chakari, akateleza kwenye udongo mbichi mbele ya kanisa zima. Sokoro hakupaza sauti. Alifunga Biblia yake, akamwambia, "Usikanyage tena boma langu." Baba akaenda Ogembo, akawa anatengeneza pikipiki za boda boda, na Mama akabaki na sisi, akichuma majani chai na kujibu maswali ya watu. Baadaye habari zikaanza kuja. Ameacha pombe. Anaonekana kanisani. Amebatizwa huko huko Ogembo. Mama alikuwa akisikiliza kila habari, kisha anaenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa.

Ijumaa hiyo Baba alifika jioni na begi dogo, amekonda, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Sokoro hakutoka kumsalimu. Nyumba zetu zilitazamana, na niliona mlango wake ukifungwa mapema.

Tulipokwenda kulala nilimsikia Baba ng'ambo ya pazia. "Kesho nikila Meza na watu wetu, nitakaa. Wakinikataa, Jumapili narudi Ogembo, na safari hii usiningoje."

Mama alijibu, "Basi kula kwanza ugali, hayo mengine ya kesho."

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimeanza tu kumzoea kwa macho, na tayari alikuwa anafungasha.

Asubuhi nilimpelekea Sokoro uji. Mimi na yeye tulikuwa watani, maana kwetu mjukuu na babu hawaoneani haya. Aliniita mke wake na mimi nilimwambia ajitafutie meno kwanza. Nilimkuta akizifunga kamba za viatu vyake vyeusi. Nikamuuliza bila kuzunguka, "Sokoro, nani atamtawadha Baba leo?"

Alikunywa uji hadi katikati ya kikombe. "Watu kanisani ni wengi," akasema.

Ni kweli, walikuwa wengi. Baada ya mahubiri wanaume wakatoka nyuma, kwenye nyasi chini ya misonobari, penye mabenchi na mabeseni yanayofuka mvuke. Sisi watoto tulitakiwa kukaa upande wa mbele, lakini nilizunguka na kusimama kwenye pembe ya ukuta. Acha nichapwe, nilijiambia. Lazima nione.

Wakaanza kuitana. Mzee Onchiri, mzee wa pili wa kanisa, mtu mnene mwenye kucheka hata kwenye matanga, akamshika Sokoro mkono, wakaoshana, wakakumbatiana. Vijana wakachukuana. Mwalimu wa kwaya akapata mwenzake. Baba alikuwa amevua viatu, amekunja suruali, amesimama na beseni lake mikononi. Akimwangalia huyu, huyu anainama kuvuta soksi. Akimgeukia yule, yule anakumbuka taulo. Hakuna aliyemsogelea. Nikawachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Ndani wanawake walikuwa wamemaliza, na wimbo ukaanza. Wimbo huo ulikuwa ndio wito: wanaume waingie, na Sokoro akafunue kitambaa cheupe juu ya mkate. Sokoro alikuwa tayari amevaa viatu. Akachukua Biblia yake. Baba akaangalia mlango wa kanisa, akaangalia barabara ya Ogembo, akainama polepole kumwaga maji.

Mzee Onchiri hakuwa anacheka. "Mzee," akasema, "tunakungoja wewe."

"Huyo ni mwanangu," Sokoro akajibu. "Kuna chinsoni. Mnajua."

Chinsoni ndiyo haya yetu sisi Wakisii, ile iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto wake aliyekwisha kutahiriwa. Mzazi wa kiume haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hawaogi mahali pamoja, hawatajiani mambo ya mwili, na kumshika mwanao mtu mzima miguu ukiwa umemwinamia ni jambo la kumfanya mzee wa heshima akose usingizi. Wengine walisema hata laana huingilia hapo.

"Tunajua," Mzee Onchiri akasema. "Lakini wewe ndiwe uliyemtoa. Nani kati yetu atamwingiza kabla yako?"

Baba alikuwa ameinamisha beseni, na maji ya kwanza yakaanza kuchuruzika kwenye nyasi. Sijui miguu yangu ilinifikishaje pale. Nilijikuta nimeushika mkia wa koti la Sokoro kwa mikono miwili.

"Sokoro, maji yanapoa."

Hayo tu ndiyo niliyoyapata. Mtu mwingine yeyote angemwambia hivyo angekuwa amemvunjia heshima, lakini mimi nilikuwa mke wake. Alinitazama. Akamkabidhi Mzee Onchiri Biblia, akavua koti, akalitandika kwenye nyasi, na magoti yake yakalia yaliposhuka.

Alimwosha Baba bila kumtazama. Uso aliugeuzia kwenye mashamba ya majani chai ng'ambo ya bonde, na mikono yake ikawa inapapasa yenyewe ndani ya beseni, kisigino, kidole, unyayo uliopasuka. Baba naye alitazama juu ya misonobari, na machozi yakawa yanamshuka hadi kidevuni bila yeye kuyafuta. Kisha wakabadilishana. Sokoro akafungua tena zile kamba za viatu, akakaa, akatoa miguu yake, na Baba akaiosha hivyo hivyo, shingo kaipinda pembeni. Mzee Onchiri akasema tu taulo hiyo imelowa, wapeni nyingine, nao wakapewa ile iliyoungua.

Baba alikula mkate siku hiyo. Jumapili begi lake lilikuwa bado nyuma ya mlango, tupu.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa kanisa lilimchukia Baba na Sokoro alimchukia kuliko wote. Nilikuwa mtoto, nilihesabu migongo tu. Kumbe wale wanaume walikuwa wamesimama kwa heshima: hakuna aliyetaka kumfungulia mtu mlango ambao Sokoro mwenyewe aliufunga. Na Sokoro, aliyekuwa akingoja mtu mwingine yeyote amchukue mwanawe, hakuwa anaringa. Alikuwa anaogopa asimletee mabaya kijana ambaye ndiyo kwanza amerudi. Aliyaamini yote mawili, Meza na chinsoni, na asubuhi ile yalimvuta huku na huku hadi akaweka magoti chini. Macho yakashika haya, mikono ikashika imani.

Nililijua hilo Sokoro alipopooza upande mmoja. Mzee Onchiri alikuwa ameshatutoka, kaka zangu wako mbali, na mzee hakuwa na wa kumwogesha. Nilikuja kutoka Nyamira kusaidia, nikapiga pasi taulo. Baba alibisha hodi kwa Sokoro akiwa na beseni. Mimi nilisimama nje ya mlango.

"Tafuta mtu mwingine," Sokoro akasema, ulimi mzito.

"Tata," Baba akamjibu babake kwa Kikisii, "sisi tulishaanzia miguuni."

Nikasikia kitanda kikilia, mtu akijisogeza.

"Basi geukia dirishani," Sokoro akasema. "Na ufanye haraka, maji yanapoa."