Kidole Changu kwenye Kakitabu ka Mama

Kifaa kilikuja kwa basi kutoka Iringa, kimefungwa ndani ya boksi la viatu na kuzungushiwa solotepu mpaka boksi lenyewe halionekani. Juu yake mdogo wangu alikuwa ameandika jina la mama kwa herufi kubwa. Langu halikuwepo, hata kwa herufi ndogo, ingawa mimi ndiye niliyefunga meza yangu ya mchele sokoni nikaenda kukaa stendi tangu saa mbili asubuhi kukisubiri. Nilikibeba kwapani hadi nyumbani kwangu Ilomba nikiwa nimeshanuna, na hata sikuwa nimejua ndani kuna nini.

Bora niseme mapema kwamba nilikuwa na wivu, na haukuanza siku ile. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mdogo wangu ndiye wa mwisho, na waliokuwa kati yetu hawakukua. Yeye alisoma, akapata kazi ya ofisini Iringa, akapata mume mpole. Mimi niliishia darasa la saba, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikabaki na nyumba ya vyumba vitatu na biashara ya mchele. Magoti ya mama yalipomshinda kule Ubaruku, alikolima mpunga maisha yake yote, alikuja kukaa kwangu. Mimi ndiye ninayemchemshia maji ya kuoga kila asubuhi. Lakini mtu akimuuliza mama habari za watoto wake, anaanza na yule wa Iringa.

Kitu pekee alichokikosa mdogo wangu kilikuwa mtoto. Alingoja miaka kumi na moja. Boksi lilipofika alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ndiyo sababu ya kulituma: alitaka mama aone tumbo linavyokua, na siku ikifika amwone mjukuu bila kusafiri na yale magoti.

Ndani mlikuwa na kompyuta ya kiganjani, kishikwambi kidogo cha kuenea kwenye mfuko wa sweta, chenye kava jeusi linalofunguka. Mama alikifungua akakifunga, akakifungua tena, akasema ni kama kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Kuanzia hapo jina likawa kakitabu. Pamoja nacho mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa ajili yangu, hatua kwa hatua, kwa mwandiko uleule uliokuwa ukimpa zawadi shuleni. Salamu ilikuwa mstari mmoja. Hatua zilikuwa kumi na nne.

Tulikitengeneza Jumapili baada ya ibada. Nilikichaji kwanza, nikaweka laini ya bando, nikachagua Kiswahili, kikatusalimu. Mama akakiitikia. Kikaomba jina lake, nikaandika. Kikaomba tarehe yake ya kuzaliwa, nikaweka ya kwenye kitambulisho, ambayo mama mwenyewe huwa anaicheka. Mpaka hapo nilikuwa nafurahia kazi, kusema kweli. Mikono yangu haitetemeki mbele ya mashine kama mdogo wangu anavyodhani.

Hatua ya tisa ilisema: mwekee mama alama ya kidole, ili asihangaike na namba. Nikamshika mama dole gumba nikaliweka pale pa kugusia. Kikakataa. Nikalifuta kwa khanga, kikakataa. Tukaenda kidole kwa kidole, mkono wa kulia wote, kisha wa kushoto. Hakuna hata kimoja kilichokubaliwa. Vidole vya mama havina mistari. Miaka ya kung'oa miche ya mpunga na kuipandikiza kwenye matope imevilainisha kama sabuni iliyokwisha, na hata alipokwenda kusajili laini ya simu walimsumbua hivyo hivyo. Nilikuwa sijaishika mikono ile kwa muda mrefu namna hiyo tangu nilipokuwa mtoto.

"Kamenikataa," mama alisema, akairudisha mikono yake mapajani.

Nikaweka dole gumba langu, nikijidanganya kwamba ninajaribu tu. Kikakubali palepale. Kikataka pia namba ya siri ya akiba, tarakimu nne, kwa siku ambayo kidole hakitatosha. Niliweka mwaka wangu wa kuzaliwa. Sikumwambia mama namba hiyo, na hata kwamba ipo sikumwambia. Nilimwambia mashine inamtambua mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Mdogo wangu nilimwandikia kwamba kidole kimekubali. Sikusema cha nani.

Sikuwa nimekusudia ubaya mkubwa. Nilitaka tu kwamba, kama ni lazima mama amtazame yule kila jioni, basi aanze kwa kuniita mimi.

Na aliniita. Nikirudi sokoni nilimkuta amekaa tayari, amebadilisha kilemba, kakitabu kako mapajani. Kwa ajili yangu mama hajawahi kubadilisha kilemba. Nilikuwa nanawa mikono polepole. Nilikuwa nakumbuka ghafla kwamba kuna mchele haujapepetwa. Mwisho naweka kidole, nawasha data, na uso wa mdogo wangu unajaa kwenye kioo, mnono, unang'aa, "Kamwene, mama," salamu ya kwetu, na mama anakuwa mtu mwingine. Mimi nikimuuliza magoti yanasemaje, jibu ni kwamba hajambo. Yule wa Iringa alielezwa goti la kulia peke yake na la kushoto peke yake. Jioni moja alimsifu mama kwamba amenenepa. Nilikuwa nimesimama palepale na sahani ya ugali na samaki niliyompikia. Mama akasema, "Ni Mungu tu, mwanangu."

Nilirudi jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Wakimaliza nilikuwa nazima data, nikidai bando linaliwa bure. Ukweli ni kwamba data ikiwa imewaka mdogo wangu angeweza kupiga saa yoyote na mama angepokea bila kidole changu. Siku nyingine nilisema chaji ndogo, kumbe ni nusu. Mama hakubishana hata siku moja. Alikuwa anafunga lile kava na kuweka kakitabu mfukoni mwa sweta, na utulivu wake ndio ulionikera zaidi, kwa sababu sikupata hata ugomvi wa kushikilia.

Mwezi wa mavuno ukafika. Ilinibidi kwenda Ubaruku kununua mpunga na kuukoboa, kazi ya siku moja, mbili zikizidi. Mdogo wangu alikuwa amebakiza wiki mbili kwa hesabu ya daktari. Nilimwomba jirani yetu, mwalimu mstaafu wa kike, ampelekee mama chakula. Nikasimama mlangoni na begi langu, nikafikiria kumwambia mama ile namba. Ningependa kuandika hapa kwamba nilisahau. Sikusahau. Niliwaza kwamba siku mbili bila kuuona ule uso hazitamdhuru, na nikaondoka.

Siku ya pili, nikiwa kwenye foleni ya mashine ya kukobolea, picha iliingia kwenye simu yangu. Mtoto wa kike, ndani ya blanketi la njano, mdomo wazi. Mdogo wangu aliandika kwamba amejifungua salama, kwamba kakitabu hakapatikani tangu jana, na kwamba nimwonyeshe mama haraka. Hakujua nimesafiri. Na mimi, badala ya kumfikiria mama, nilichofikiria kwanza ni kwamba nimemtangulia kumwona mtoto. Niliwaonyesha wanawake wote wa foleni. Niliwaonyesha wapagazi wa magunia. Nilimwonyesha mwenye mashine mwenyewe, naye akasema hongera kwa heshima kubwa kana kwamba nimezaa mimi. Utamu ule ulidumu mpaka mchana. Kisha nilikaa juu ya magunia yangu nikamwona akilini mama alivyokaa na kilemba chake kipya, na ule utamu ukageuka uchungu mdomoni.

Nikampigia mwalimu. Nikamtumia na picha, nikamwomba amwonyeshe. Baada ya muda mfupi akanirudia. Alisema mama amefurahi sana kusikia mtoto kazaliwa salama, ameshukuru, ila picha amekataa kuiangalia. Amesema atangoja. Nilimuuliza anangoja nini. Mwalimu akasema hakueleza.

Zamu yangu ya kukoboa ilifika kesho yake alfajiri, na mchana nilikuwa Ilomba, nimejaa pumba mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa uani kwenye jua, juu ya kigoda, kakitabu mapajani. Nilipiga goti kumsalimia. Aliitikia, akaniuliza habari za safari na habari za majaruba ya mpunga ya huko, yote kwa utaratibu wake. Kisha akaninyooshea kile kifaa.

"Umeme ulikatika, kakazima," alisema. "Ulivyorudi mwalimu akakachaji. Sasa hakataki kidole. Kanataka namba."

Ni kweli, kikizima kabisa na kuwaka upya kinataka namba kwanza. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi ya mdogo wangu, hatua ya kumi. Nilikichukua nikageuka pembeni, nikafunika kioo kwa kiganja kama mtu anayetoa hela benki. Mama alikuwa ananitazama.

"Mwalimu kaniambia watu wengi wanaweka mwaka wa kuzaliwa," alisema. "Nikajaribu wa mdogo wako. Kakakataa. Nikajaribu mwaka aliofariki baba yenu, nikajaribu tulioongeza jaruba la pili. Mwisho kakakasirika, kakaniambia nisubiri kwanza."

Siku tatu alikaa na mashine ile, akazipitia namba zote za maisha yake, za wazima na za marehemu, hata za shamba.

"Na wangu?" nikauliza. "Wangu hukuujaribu?"

Mama akasema, bila kuinua sauti, "Wako siujui."

Niliketi chini hapo hapo kwenye vumbi. Nilikuwa mwanamke wa karibu miaka hamsini na niliona machozi yananijia kama mtoto aliyenyimwa. Mama akaendelea, sasa akiitazama mikono yake.

"Mdogo wako alizaliwa hospitali, nikapewa kadi, kila kitu kimeandikwa. Wewe nilikuzaa Ubaruku tunapandikiza. Asubuhi nimeng'oa miche, mchana wewe ukaja. Siku ya nne nikakufunga mgongoni nikarudi kwenye maji, maana zamu ya maji ilikuwa yetu na isingetungoja. Nani angeandika? Huo mwaka ulionao alikupa mwalimu wa darasa la kwanza, alikuangalia urefu tu. Ungeniuliza jaruba ningekwambia. Ungeniuliza mstari wa ngapi niliuacha ningekwambia. Wa saba, kutoka mferejini. Aliumalizia bibi yako."

Miaka yote nilikuwa namwekea mama mtihani ambao majibu yake hakupewa. Nilitaka kumwomba radhi, lakini kinywani yalitoka mengine. Nilimuuliza kwa nini basi hakumtazama mtoto kwenye simu ya mwalimu, kuliko kukaa anangoja.

"Ungerudi ukute nimeshamwona," alisema mama. "Ungenuna mwezi mzima."

Ni kweli ningenuna. Kumbe alijua. Alijua habari ya chaji na habari ya bando, na habari ya mchele usiopepetwa, na alikuwa ananibeba tu, kama siku ile ya nne.

Nikachukua kigoda kingine nikakisogeza karibu na chake. Nikamtajia mwaka wangu, tarakimu moja moja, nikamshika kidole cha shahada nikakipeleka kwenye kila namba. Kioo hakijali mistari ya kidole pale, kinajali tu kuguswa. Kakitabu kakafunguka. Nikawasha data, tukampigia mdogo wangu, na mtoto akaletwa mbele ya kioo, bado ndani ya lile blanketi la njano. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akasema mtoto ana masikio ya mama yake, yaleyale kabisa, na mimi nikajikuta nimeshaanza kumwonea wivu mtu wa siku mbili.

Mdogo wangu nilimweleza ukweli mwenyewe, siku ile ile. Akacheka, akasema alishangaa tangu mwanzo kuona mikono ya mama imekubaliwa na mashine. Akashauri tubadilishe namba, tuweke ya siku aliyozaliwa mtoto, itakuwa rahisi mama kuikumbuka. Nilikuwa nimeshafungua mahali pa kubadilishia, nimekunja uso, tayari kutii.

"Acha hiyo hiyo," mama alisema. "Hiyo bado najifunza."

Sasa haniiti tena jioni. Nikirudi sokoni namkuta amebadilisha kilemba na amekwisha kuanza. Nikiwa jikoni nasikia kicheko chake na cha wa Iringa, na mtoto analia katikati, na bado wivu unanichoma, sitadanganya. Ila kabla ya kicheko hicho kuna kitu kingine. Mama hawezi kubonyeza namba kimyakimya. Anaitaja kila tarakimu kwa sauti, polepole, kidole kikiitafuta, na akikosea anarudi mwanzo. Nafunga bomba nasikiliza. Kumfikia mdogo wangu, kila siku, lazima kwanza anipitie mimi.