Mwanafunzi Niliyemsimamisha

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua, akatusitiri kwa mengi ambayo lau yangeonekana tusingeweza kutazamana. Namshukuru kwa umri alionipa na kwa kuniachia kumbukumbu, hata ya yale yanayoniinamisha uso. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu.

Mwanangu, nakumbuka alasiri moja ya usichana wangu, hapa hapa Babati. Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya. Ofisi zilikuwa zikifunguliwa katika nyumba ambazo juzi tu walikaa wapangaji, na kila basi lilishusha wageni wenye mafaili. Wenye maduka na nyumba za kulala wageni wakaanza kutamani Kiingereza. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Arusha, nikarudi nacho kidogo. Debe tupu haliachi kuvuma. Baba yangu mdogo alinipa chumba cha nyuma ya duka lake, Maisaka, nikaweka ubao na mabenchi, nikaanza kuitwa mwalimu. Jina hilo lilinilevya, Mungu anisamehe.

Nilifundisha salamu kwanza, kisha kujitambulisha. Good afternoon. My name is fulani. I live in Babati. I sell rice. Niliwaeleza kwamba sentensi hizi ni za mambo yaliyo hivyo siku zote. Anayeuza mchele leo, na wiki ijayo atauza mchele, husema I sell rice. Na nilikuwa na sharti moja nililolitoa shuleni bila kulipima: anayekosea husimama mpaka apatie.

Siku hiyo alikuja mwanafunzi mpya. Alikuwa Bi Mwanaidi, ambaye mji mzima ulimwita Bi Maalim, kwa kuwa alisomesha Kurani watoto wa kike nyumbani kwake Bagara. Mimi mwenyewe nilijifunza alifu mbele ya magoti yake. Alivua viatu mlangoni kama aingiaye msikitini, akakaa benchi la mbele.

Shida yake ilijulikana. Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa Uingereza, na mjukuu wake, binti mdogo, hakujua Kiswahili. Kila Jumapili mwanawe alipiga simu ya baba mdogo dukani, kwa kuwa simu za mkononi zilikuwa bado za wachache. Mtoto alipopewa zamu ya kumsalimia bibi yake, Bi Maalim alishika simu akacheka tu, kisha akairudisha. Jumapili moja mwanawe akamwambia kwamba mtoto ameuliza, kwa nini bibi hataki kuongea naye. Hilo ndilo lililomleta kwangu.

"Good afternoon," nikamsalimia mbele ya darasa.

"Marahaba, mwanangu," akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Mama Safia, muuza vitenge, hakujizuia. "Bi Maalim, Kiingereza hakina marahaba. Huko wote rika moja."

"Basi mkubwa wao wanamjuaje?"

Wakacheka zaidi, na yeye akacheka nao. Mwanangu, lingeishia hapo ingekuwa furaha tupu. Lakini mimi niliona darasa langu linageuzwa baraza. Nikarudia salamu kwa sauti ya ukali. Yeye alikuwa ameitikia marahaba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mdomo ukaitoa tena kabla hajaikamata.

"Simama," nikamwambia. "Usikae mpaka uweze."

Kicheko kilikatika. Bi Maalim alinitazama, akashika ukingo wa benchi, akanyanyuka. Nyuma yake alikuwako Baba Emanueli, mkulima aliyetuletea vitunguu saumu kutoka Mbulu. Naye akasimama.

"Wewe umepatia, kaa," nikamwambia.

"Ni mgongo tu, mwalimu. Leo nimekaa sana."

Hakukaa. Wakasimama wawili mpaka mwisho wa somo, na mimi nikaendelea kuandika ubaoni, nikijua wazi ninachofanya. Kila nilipomgeukia Bi Maalim alijaribu, na kila alipojaribu sauti ilizidi kuwa ndogo, mpaka ikawa midomo inayotikisika tu. Wakati wa kutoka aliniambia, "Ahsante, mwalimu." Hakuniita mwanangu.

Hakurudi tena darasani. Jumapili ilipofika nilikuwa dukani nikimsaidia baba mdogo. Bi Maalim akaja, simu ikaita, wakazungumza yeye na mwanawe, kisha nikaisikia sauti nyembamba ya mtoto. "Hello, Grandma. Good afternoon." Bi Maalim akafungua mdomo. Nilimwona amelishika neno. Kisha macho yake yakakutana na yangu nyuma ya meza, akafumba mdomo. Mtoto akarudia salamu. Halafu ikasikika sauti ya mwanawe: "Mama, upo?"

"Nipo, baba," akasema. "Mwambie nimemsikia."

Akarudisha simu, akashukuru, akaondoka. Baba mdogo aliendelea kupima sukari ya mteja, na alipomaliza akaniambia, "Huyu mama alikukalisha mkekani kwake miaka mingapi? Na wewe umemfanya aogope hata kumsalimia mjukuu wake." Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile niliuona umevunja kitu.

Nilikwenda Bagara uso ukiniwaka. Nilimkuta anachagua mchele kwenye ungo. "Shikamoo, bibi." "Marahaba," akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwomba radhi, na nilipotaka kueleza kwamba shuleni ndivyo tulivyofanyiwa, akanyanyua mkono nikanyamaza.

"Wewe ulichelewa kushika kusoma kuliko wenzako wote," akasema. "Unakumbuka nilikuweka wapi?"

"Karibu na wewe, bibi."

"Nilikuweka karibu ili ukikosea nisikie mimi peke yangu. Mtoto akichekwa husahau akikua. Mzee hana kukua tena, mwanangu. Akichekwa, anakwenda na kicheko hicho kaburini."

Nikainama nikachagua mchele naye. Baadaye nikamwomba ruhusa ya kuja kila baada ya swala ya alasiri nimfundishe pale pale, tumekaa. Akakubali, kwa sharti kwamba nimwamkie kwanza. Nikaja. Haba na haba hujaza kibaba. Neno baada ya neno, ulimi wake ukalainika.

Jumapili aliyokuwa tayari, alifika dukani amevaa vizuri kama mtu aendaye Idi. Kabla simu haijaita, akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, toka nje kidogo."

Alikuwa amenisamehe, najua. Lakini ulimi wake ulikuwa haujaweza kufunguka mbele yangu. Nikatoka, nikasimama juani karibu na magunia, na kupitia dirishani nikamsikia. "Good afternoon, my child. I am your grandmother. I live in Babati. I pray for you." Kisha mtoto akasema mambo mengi haraka haraka, na Bi Maalim akawa anacheka, akirudia, "Yes. Yes. I pray for you." Nilifurahi, na nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa sababu kila mtu dukani aliruhusiwa kuiona furaha ile isipokuwa mimi.

Mwanangu unayesoma haya, elimu ni amana. Mungu hakukupa ili umpime nayo aliyekutangulia. Ukimfundisha mtu, hata kama ni salamu tu, mkalishe karibu nawe. Kosa lake lisikie wewe kwanza, wala usiwape wengine walicheke. Kumheshimu mkubwa hakupunguzi ualimu wako. Heshima si utumwa. Na kama wewe ndiye unayeanza, umri ukiwa umekwenda na neno likakwama, usirudi nyumbani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tafuta wa kukusikiliza kwa subira, na ukimkosa, Mola anayesikia lugha zote anakusikia.

Mwenyezi Mungu aulainishe ulimi wako kwa kila neno la heri, akupe walimu wapole na akufanye mpole ukifundisha, awafikishie salamu zako uwapendao walio mbali, na asikufanye kamwe sababu ya mtu kunyamaza. Amina.