Nusu Duara za Mzee Abeid

Sabra aliolewa mwaka elfu mbili na kumi na nane. Hapana, hapo tutakuwa tumempotosha mtu. Kumi na nane ndiyo mwaka upepo ulipoilaza migomba ya Mzee Abeid kule Kinole, na mwaka ule hakufuma kitu, alishinda akiiegemeza kwa miti. Sabra aliolewa mwaka uliofuata, kumi na tisa, masika yalipokata.

Mzee Abeid Mkude, kwa wasiomjua, ni yule mzee wa Kinole anayeburura mguu mmoja kidogo. Alianguka mkarafuu. Wengi wameanguka mikarafuu upande ule wa Uluguru, wengine wakazikwa. Yeye alilazwa hospitali mjini Morogoro, mguu ukafungwa kamba na kuvutwa kwa uzito mwishoni mwa kitanda, kazi yake ikawa kutazama dari. Kwa mtu aliyezoea kushinda na panga, dari ni adhabu. Akaanza kulia, tena mchana, watu wamekuja kuona wagonjwa wao.

Palikuwa na muuguzi mmoja, Hosiana, mwanamke wa Kipare asiye na maneno mengi. Akipata nafasi alikaa dirishani akafuma. Siku moja alimwekea Abeid kifuani uzi mweupe na sindano ya kroshia, ile yenye ndoana ndogo nchani.

"Haya baba, shika hii."

"Hiyo si kazi ya wanawake, dada?"

"Na kulia je?"

Wagonjwa wa pembeni walicheka mpaka mmoja akashika kidonda chake. Abeid akashika sindano.

Hosiana alimwanzisha kwa duara, likamkera. Unazunguka, unazunguka, hujui umefika wapi. Ndipo akamwonyesha nusu duara, vile vitambaa vinavyowekwa kwenye maegemeo ya makochi, upande ulionyooka juu na upinde unaning'inia. Hiyo aliielewa. Unafuma mstari, unafika mwisho, unageuza, unarudi ulikotoka, na kila safari unaongeza kidogo ili upinde upanuke. Kama mtu anayepalilia mahindi. Tangu hapo hakufuma umbo jingine. Alitoka hospitali na magongo na sindano. Magongo aliyaacha baadaye, sindano hakuiacha.

Kijijini walimchosha kwa maneno. Vijana wa bodaboda pale sokoni, akipita na mfuko wake wa uzi, walikuwa hawana dogo.

"Mzee Abeid, shikamoo! Harusi yako lini? Tuchangie khanga!"

"Marahaba. Nyamazeni, nikimaliza hiki namfuma mmoja wenu mdomo."

"Babu we, usinifume! Mke wangu atanibusu wapi?"

"Kwanza upate huyo mke."

Aliwajibu hivyo na kwenda zake, na mtu angedhani hayamwingii. Yalimwingia. Ila alikuwa ameshajua ladha ya kukaa kibarazani ukungu unaposhuka kutoka juu, uzi unapita kidoleni, kitu kisichokuwepo asubuhi kinakuwepo jioni. Kwenye karafuu hakuwahi kuonja hivyo. Karafuu unachuma tu, aliyeziumba ni mwingine.

Dada yake, Mwanvita, alifariki akamwachia Sabra, mtoto wa darasa la pili. Baba wa mtoto alishakwenda Gairo kulima karanga na huko akapata familia nyingine. Wala halikuwa jambo la kujadiliwa. Kwa Waluguru mtoto wa dada ni wako, ukoo wake ni wako, kufa kwako yeye ndiye atakayelia. Mzee Abeid hakuwa na mke tena wala mtoto wa kumzaa. Alimlea Sabra kwa ndizi na karafuu, akamsuka nywele mwenyewe. Mikono ilishazoea, kwake nywele na uzi vilikuwa kitu kimoja.

Sabra alipokuwa mdogo alimshikia mjomba wake uzi na kujisifu kwa wenzake. Alipofika sekondari mambo yakageuka. Akiwaona wenzake wanapanda njia alikuwa anatoka mbio.

"Mjomba, ingia ndani na hivyo vitu. Wenzangu wanakuja."

Naye aliingia. Akakaa chumbani na sindano yake, akisikia wasichana wanacheka nje, akifuma kwa kupapasa kwa sababu dirisha lilikuwa dogo.

Basi msichana akamaliza shule, akapata kazi duka la dawa pale mjini, akampata Abdi, fundi wa majokofu, mtoto wa watu wa Kihonda. Posa ikaja, ikapokelewa. Mzee Abeid akamwambia Sabra, "Vyombo vitanunuliwa na ukoo. Vitambaa vya makochi ni vyangu mimi."

"Mjomba, si lazima. Vipo vya kununua."

"Vya kununua vitakujua wewe?"

Alifuma tangu Shaabani mpaka masika yakaisha. Kitambaa cha kochi kubwa, la watu watatu, kilikuwa kipana kama mkeka wa mtoto, kimejaa mananasi, lile pambo la nanasi juu na jani chini yake. Vya makochi ya mtu mmoja aliviwekea magamba, gamba juu ya gamba kama samaki. Vya mikono ya kochi alivifuma kwa kubana, bila tundu, maana hapo ndipo mikono ya watu inapotoa jasho na kuchafua. Vile vidogo kabisa vya stuli alivifuma kama wavu, mwepesi, hata ukipuliza unatikisika. Vyote nusu duara, na hakuna ukubwa uliofumwa kwa mtindo wa mwenzake. Alitaka anayeingia sebuleni asichoke kutazama.

Kisha akavitia sukari. Hosiana alimfundisha wanga wa muhogo ili kitambaa kisimame, lakini kwenye ukungu wa Kinole wanga ulikuwa unaota madoa meusi. Sukari haikuwa hivyo. Unaichemsha mpaka inavuta, unachovya kitambaa, unakivuta kwa pini juu ya ubao, kikikauka kinasimama kama kimekatwa kwenye bati. Kisha aliviweka darini, jikoni, juu ya moshi, amevifunga kwenye shuka. Kwa miaka yote hakuwahi kuona sisimizi hata mmoja kwenye vitambaa vyake. Hakujiuliza kwa nini. Moshi ule ungemfukuza hata nyuki.

Siku ya kupeleka vyombo Kihonda, wanawake waliingia ndani na vigelegele, wanaume wakabaki uani kwenye viti vya plastiki. Mzee Abeid akachagua kiti kilicho karibu na dirisha la sebule. Anayejua kwa nini anajua. Akasikia masufuria yanasifiwa, mashuka yanasifiwa, kisha mtu akasema, "Jamani! Jamani, oneni hiki!"

"Nanasi hilo!"

"Usikivute wewe, una mikono kama koleo."

"Hivi kuna mtu bado anafuma hivi? Niambieni, nani kafuma?"

Bi Semeni, somo wa Sabra, alikuwa anajua vizuri nani kafuma. Lakini aliyejibu ni bi harusi mwenyewe, kwa ile sauti ndogo ya bi harusi.

"Mama yangu. Aliniachia kabla hajafariki."

Ndani wakaguna kwa huruma. Mama Abdi, mama mkwe, akasema kwa sauti ya mtu anayelengwalengwa na machozi, "Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuona ungali mtoto akakuandalia."

Mzee Abeid pale nje alimwagikiwa na chai kwenye suruali asijue. Mwanvita? Mwanvita hakuwahi kushika sindano hata ya kushonea kifungo. Vifungo vyake alikuwa anashona yeye Abeid.

Kabla ya kuondoka alimwita Sabra kwenye korido.

"Mwanangu, umesema nini mle?"

"Mjomba, usikasirike. Hawa watu wa mjini wangecheka. Siku yangu ya kwanza."

"Sikasiriki. Mama yako nampa, awe navyo, ni dada yangu. Lakini na mimi mtu mmoja ajue. Humu ndani, mmoja tu. Nikija kwako niketi kwenye kochi lile, kuwe na mtu anayejua."

Sabra alitazama chini. "Nitasema, mjomba. Wakishanizoea nitasema."

"Utasema?"

"Wallahi."

Akarudi mlimani ameridhika. Msidhani alikuwa mjinga, alijua ameahidiwa na mtu mwenye haraka. Lakini uliyemlea, nywele zake mkononi mwako, akikuapia, unamwamini hata kama hupendi.

Fungate ikapita. Watu wa bi harusi wakaalikwa Kihonda kula chakula. Sabra alipiga simu mwenyewe. "Mjomba, njoo na Bi Semeni. Leo nitasema." Mzee Abeid akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akateremka mlima mapema kabla jua halijakolea.

Sebule ilikuwa imependeza, kweli imependeza. Makochi mapya yamevikwa vyeupe, mananasi yametulia nyuma ya kochi kubwa, magamba kulia na kushoto. Alikaa kiti cha pembeni ili avione vyote. Shangazi zake Abdi wakakaa kochi kubwa, wamejaa, baibui juu ya baibui. Pilau ikaletwa. Abdi akamkaribisha, "Mjomba, shikamoo, sogea huku." Mzee alipomtazama Sabra, binti alitikisa kichwa kidogo, kama anasema, bado, subiri.

Shangazi mmoja akajikuna shingo. Halafu akajikuna tena. Halafu akaruka, sahani ikaenda zake.

"Yalaa! Kuna nini humu? Nimeng'atwa!"

Mwenzake naye akanyanyuka anajipiga mapaja. Wakamvua ushungi. Sisimizi. Walikuwa wanapanda nyuma ya kochi kwa mstari kutoka dirishani, wanaingia kwenye mananasi na kutokea upande wa pili, wengine wameshahamia kwenye baibui. Watoto wakaanza kucheka, shangazi akawafukuza, akarudi kujikuna. Mama Abdi akakivuta kitambaa kikubwa, akakikung'uta, akakinusa. Akagusa kwa ulimi.

"Sukari!" Akamgeukia Sabra. "Mwanangu, huyo marehemu mama yako alikuwa anafulia sukari?"

"Labda alikuwa anawafugia sisimizi," shangazi akadakia, na chumba kikaangua kicheko.

Sabra alisimama, ameshika jagi la maji. Bi Semeni alisema baadaye kwamba hajawahi kumwona na uso ule hata siku ya msiba.

"Mama yangu msimseme hivyo," akasema. "Mama yangu hakufuma hivyo vitu. Ni mjomba. Mjomba ndiye kafuma."

Basi likawa limesemwa. Alivyotaka, mbele ya watu, kwa jina lake, na zaidi ya mmoja. Wote wakamgeukia.

"Mjomba? Huyu mjomba?"

"Mwanaume mzima na ndevu zake!"

"Ahaa," akasema Mama Abdi, akikirudisha kitambaa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Basi ndiyo maana."

Hata Abdi alicheka. Alijitahidi kuficha kwa kiganja, kijana ana adabu, lakini mabega yalimsaliti. Mzee Abeid alikaa na sahani ya pilau magotini. Alitaka kueleza habari ya ukungu, na wanga unaoota madoa, na moshi wa jikoni Kinole. Akasema tu, "Ni kweli, ni mimi. Mnisamehe," na wakacheka tena, safari hii kwa upole, ule upole wa kumcheka mtoto.

Vitambaa vikavuliwa vyote, vikubwa kwa vidogo, vikasokomezwa kwenye beseni na kupelekwa uani kwenye bomba. Makochi yakabaki na ile rangi yao ya kahawia. Chakula kikaendelea. Mtu akasimulia kisa cha nyumba iliyohamwa kwa sababu ya siafu huko Mikese.

Mzee Abeid aliaga mapema, akasingizia gari la Kinole. Alimkuta Sabra bombani amechuchumaa, kanga ya harusi imelowa, anavisuuza kwa maji mengi. Sukari ilishayeyuka. Magamba yalikuwa yamejikunjakunja, nanasi limelala kama tambi.

"Mjomba, nimesema kama nilivyokuahidi," alisema bila kuinua uso.

"Umesema, mwanangu."

"Sasa umenuna nini? Si ulitaka wajue?"

Mzee aliegemea ukuta, mguu ule mbovu umeanza kuuma kwa kukaa sana. Hakununa. Alikuwa na swali moja, na alimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Sabra akafungua bomba zaidi. Kwenye gari, kupita Bigwa, alimuuliza Bi Semeni swali lile lile. Bi Semeni akatazama nje kwenye mashamba ya watu. Mwaka uliofuata Sabra alipopanda Kinole kumwonyesha mtoto, alimuuliza tena, na mtoto akaanza kulia, mama yake akapata shughuli ya kumbembeleza. Hakuna aliyemjibu mpaka leo.

Vilipokuwa vizuri, vilikuwa vya nani?