Huseni Niliyemzaa kwa Simu

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Simu haikukosa, Hassani hakukosa, hata yule mbwa mwenye miguu sita hakukosa. Ni mimi.

Ninaandika polepole. Shule niliishia darasa la sita, na barua hii sasa inanichukua siku ya nne. Lakini kusema mbele ya watu ndiko kunakonishinda kabisa, kwa hiyo heri niandike. Wewe unayesoma, nitakufanya kama mtu aliyekaa kwenye kiti changu cha kunyolea, maana mimi ni kinyozi hapa Cibitoke. Wateja wananipenda kwa sababu siongei. Wengine huja kwangu kupumzisha masikio tu.

Yote yalianza siku ya fainali, vijana wetu wa Cibitoke na wale wa Gasenyi. Watu walizunguka uwanja pande zote. Nilikuwa nimenunua simu ya mkono wa pili ambayo inapiga picha ndefu. Unabonyeza, halafu unageuka na mwili wako polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na simu inameza uwanja kidogo kidogo mpaka mwisho. Si picha moja. Ni vipande vingi ambavyo simu inavishona pamoja. Tafadhali likumbuke hilo, maana mimi nililijua na nikalinyamazia.

Kwa sababu ya kushonwa huko, anayetikisika anaharibika. Ndiyo maana mbwa wa muuza karanga alipata miguu sita. Ndiyo maana mpira wenyewe haumo.

Hassani, rafiki yangu tangu utoto, fundi wa pikipiki, alikuwa amesimama upande wa kushoto kabisa na mafundi wenzake, kofia kichwani, ametulia kama bwana harusi. Alipoona simu imempita, alichomoka, akapita nyuma ya mgongo wangu mbio, kofia ikaanguka njiani, akatokea mwisho wa kulia kabla simu haijafika. Alifanya hivyo kunichekesha tu. Tulipotazama picha, kulikuwa na Hassani wawili: wa kushoto mwenye kofia na adabu zake, wa kulia kichwa wazi, mdomo wazi, macho yamemtoka, katikati ya akina mama wa maandazi. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Laiti ningeishia kucheka!

Nilikwenda mjini nikaichapisha ndefu, ndefu kuliko kitanda changu, nikaibandika kwenye ukuta wa saluni. Kuanzia siku hiyo sikupata nafasi ya kupumua. Watu walijaa. Na nikuambie jambo nililoliona: hakuna hata mmoja aliyetazama mchezo. Kila mtu anaingia, anaanzia kushoto, anapeleka kidole taratibu, anajitafuta. Mzee mmoja jirani alijitafuta mpaka chai yake ikapoa, mwisho akapata kiwiko.

"Iki kiwiko ni yangu," akasema, na kesho yake akaleta wajukuu wakione.

Wale ambao hawakuwemo walininunia. Mama mmoja aliniuliza ni kitu gani alichonikosea hata nikampita. Wateja walikuwa wanageuza shingo kutazama ukuta wakati mashine iko kichwani, na wiki hiyo nilitoa watu watano wenye nywele za upande mmoja. Hakuna aliyelalamika.

Halafu picha ikawa hakimu. Mume mmoja aliyemwambia mkewe kwamba siku ya fainali alikwenda Kibenga kumjulia hali mgonjwa, alionekana wazi akila mishikaki, mishikaki miwili kwa mkono mmoja. Watu wakibishana, mmoja anasema, "Twende kwenye picha," na ugomvi unaisha.

Na mimi wakaanza kunisalimia. Mimi, ambaye nilikuwa napita barabarani nikiwa nimejibana na kuta! Wananiita kwa jina langu kutoka ng'ambo ya barabara. Siwezi kukueleza ilivyokuwa tamu.

Basi siku moja akaingia Mzee Sadiki.

Mzee Sadiki anauza vitenge, nyumba yake iko Gasenyi, na ni baba wa Mwamini. Hassani alikuwa amepeleka posa kwa Mwamini na alikuwa anasubiri jibu. Mtaa wote ulijua. Nilimfunga Mzee kitambaa shingoni, nikampaka sabuni kidevuni, naye akageukia ukutani.

"Uyu ni Hassani yetu," alisema, kidole kushoto. Alifurahi. Kidole kikasafiri. Kikapita mafundi, kikapita mbwa, kikapita goli, kikafika kwa akina mama wa maandazi, kikasimama.

"Na uyu?"

Watu wote wakageukia ukuta. Walikuwemo watu sita. Ningeweza kusema: Mzee, picha hii imeshonwa, Hassani alikimbia. Maneno sita tu, nimeyahesabu leo. Lakini nikimwambia hivyo, watu wote watajua kwamba picha inaweza kuonyesha kisichokuwepo. Nani atasema tena twende kwenye picha? Nani atanisalimia?

"Ni pacha yake?" Mzee aliuliza.

Nikasema, "Ndiyo."

"Huseni?"

Nikasema tena, "Ndiyo."

Unajua mambo ya kwetu. Pacha wakizaliwa kwa Waislamu wanaitwa Hassani na Huseni, haina mjadala. Kumbe Hassani wetu alipewa tu jina la babu yake, alizaliwa peke yake, hana hata mdogo. Lakini ukishaona Hassani wawili kwenye ukuta, utafikiria nini? Majirani Wakristo waliokuwemo walitoka wakisema kwamba Bukuru kapatikana na Butoyi wake, maana wao pacha huwaita hivyo.

Kabla ya jua kuzama, watu walikuwa wamekwisha kumkumbuka Huseni. Mmoja alisema alimwazima pampu ya baiskeli na hajairudisha. Mwingine alisema kweli, kuna siku alimsalimia Hassani akakataa kuitika, sasa ameelewa. Huseni alikuwa na umri wa saa tatu na tayari ana tabia mbaya!

Hassani alikuja akicheka. Aliniambia niende kwa Mzee Sadiki nikamweleze. Nikamwambia kesho.

Kesho yake yeye mwenyewe alikwenda Gasenyi kujieleza. Huko alimkuta shangazi wa Mwamini, Bi Zaituni, ambaye neno lake katika nyumba ile linapita la Mzee. Hassani alimwambia ni yeye mwenyewe, alikimbia tu. Bi Zaituni akajibu kwamba picha imepigwa mara moja, na mtu hasimami mahali pawili, na aliyepiga amekwisha kukubali. Hassani akatoa simu yake awaonyeshe, lakini akageuka haraka, simu ikakataa. Wakaona huo ndio ushahidi wenyewe.

Bi Zaituni alikuja saluni na miwani yake. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akarudi kushoto.

"Uyu mwenye kofia, sawa," alisema. "Uyu mwenye mudomo wazi, apana."

Halafu akauliza: ni yupi kati yao aliyekuwa anakuja kunywa chai kwao? Maana kuna siku anakula chapati mbili, kuna siku nne, na yeye tangu zamani alikuwa na wasiwasi.

Lakini lililonichoma zaidi ni la mama yake Hassani. Sokoni walimwuliza yule mwingine alimficha wapi. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alicheka kidogo. Siku ya tatu alimtazama mumewe, ambaye zamani alikuwa anafuata samaki Rumonge, akamwuliza yule mwanamke wa Rumonge jina lake nani. Hakuna mwanamke wa Rumonge! Lakini baba Hassani akawa anakuja asubuhi kunywa chai kwangu, na mkate mkavu, akitazama ile picha.

"Na kweli wanafanana," aliniambia siku moja, kwa huzuni, kama mtu aliyeanza kujishuku mwenyewe.

Ningeweza kusema hapo. Sikusema. Nilimwongezea sukari.

Mara tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwa Mzee Sadiki nikiwa nimejifunza maneno njia nzima. Mara tatu alitoka, nikamsalimia, ulimi ukafa, nikamwuliza kama anataka kunyolewa. Alinyolewa mara tatu katika wiki moja. Mwisho mashine ilikuwa inapita kwenye ngozi tupu, na yeye kwa heshima ananiacha.

Kisha neno likaja kutoka Gasenyi. Jumapili watatoa jibu la posa, lakini waje wote wawili, waonekane. Kama Huseni amefichwa, basi kuna kilichofichwa, na Mwamini hataolewa huko.

Hassani alikuja saluni. Nilidhani atanipiga. Alikaa kwenye kiti, akanitazama kwenye kioo.

"Mi napenda Mwamini," alisema. "We unapenda picha."

Akainuka akaondoka. Hakunyolewa, hakuniaga.

Jumapili nilikwenda nao, nimebeba kreti ya Fanta. Ua lilijaa viti. Mama yake Hassani alikaa mbali na mumewe, kiti kitupu katikati yao, kama wamemwekea Huseni. Salamu zikaisha, dua ikasomwa, Mzee Sadiki akatazama wageni mmoja mmoja.

"Huseni iko wapi?"

Hassani alitazama chini. Niliweka kreti. Nilisimama. Watu kama thelathini, wote macho kwangu! Katika yale maneno yote niliyojifunza, yalitoka haya:

"Huseni, ni mi nilimuzaa."

Mama yake Hassani alishika kichwa. Bi Zaituni alinipima kwa macho kutoka juu mpaka chini, akasema sina umri huo.

Hapo nikaona kusema kumenishinda kweli. Nikatoa simu. Niliwaomba wakae vilevile, nitageuka polepole, na mtu mmoja apite mbio nyuma yangu. Hassani akainuka. Bi Zaituni akakataa. Alisema tutajuaje kwamba si Huseni atakayetokea nyuma ya ua?

Mzee Sadiki akavua viatu.

"Nitakimbia mi," alisema.

Alikaa kwanza upande wa kushoto, amenyooka, kofia yake nyeupe kichwani. Nikabonyeza. Nikageuka polepole, pumzi nimezibana. Nyuma yangu nikasikia miguu, kisha sinia ya vikombe, kisha mtu akitaja jina la Mungu. Sikugeuza kichwa. Nilifika mwisho wa kulia, na yeye akafika pamoja nami.

Simu ikatembea mkono kwa mkono. Kushoto Mzee Sadiki, mwenye heshima zake. Kulia Mzee Sadiki, hana kofia, kanzu imepanda magotini, mdomo wazi, mguu mmoja haupo.

Bi Zaituni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sadiki wawili," alisema. "Na uyu moja tayari anatushinda."

Aliyecheka wa kwanza ni Mwamini, nyuma ya pazia. Baada yake ua lote. Mama yake Hassani alihamia kwenye kile kiti kitupu, karibu na mumewe. Na jibu la posa likatoka: ndiyo.

Mzee Sadiki aliniita pembeni, bado anahema. Aliniuliza kwa nini sikusema siku ileile. Nikamwambia ukweli, kwamba watu walikuwa wananisalimia. Akaivaa kofia yake.

"Toa ile picha," alisema.

Niliitoa kwa mikono yangu. Yule mume wa mishikaki alikuja kunidai nimwambie mkewe kwamba hata yeye alishonwa. Sikukubali, uongo umenitosha. Mzee wa kiwiko alikuja amenyong'onyea, akaomba kiwiko chake. Nikamkatia kwa mkasi.

Kwenye harusi ya Hassani walimwita mpigapicha mwingine. Mimi niliambiwa niache simu mlangoni, nikakalishwa kwenye meza ya watoto. Nilikula wali nikiwatazama kwa mbali, rafiki yangu na mkewe, na sina hata picha moja ya siku ile. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikaa miezi miwili akinyolewa kwa kinyozi mwingine, huko mbele barabarani, na mimi namwona akipita.

Mwezi uliopita aliingia. Alikaa. Nilimnyoa kwa uangalifu kama namnyoa mtoto mchanga. Nilipomfuta shingo, akajitazama kwenye kioo, akavaa kofia.

"Asante, Huseni," alisema.

Nililia baada ya yeye kutoka, sikufichi.

Basi ninyi wenye simu, sikieni. Ukipiga picha ya watu, na ukajua ndani yake kuna kisichokuwepo, sema siku hiyohiyo, hata kwa sauti ya mbu. Ukinyamaza, kile kisichokuwepo kitapata jina, kitaazima pampu, kitavunja nyumba ya watu. Na nyinyi wenye aibu kama mimi, neno "ndiyo" ni jepesi kulitoa kwa sababu ni fupi. Msiliamini.

Jina langu siliandiki. Lakini ukifika Cibitoke nywele zikiwa zimezidi, uliza tu Huseni ananyolea wapi. Kila mtu atakuonyesha.