Mkanda Mmoja, Unga na Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kufundisha kompyuta nilisimama mbele ya darasa la sita na mashine isiyowaka. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo mafupi Korogwe mjini, kichwa kimejaa ndoto. Wale watoto wa Handeni nilishawaona marubani, madaktari, sijui nini. Kumbe shule haina umeme! Mwalimu Mkuu akaniambia, "Mwalimu Rehema, umeme uko mashineni. Kaongee na Mzee Mhina."

Mzee Mhina alikuwa ameinunua mashine ya kusaga iliyokuwa ya ushirika, maana soko huria lilishaingia na vya umma vilikuwa vinauzwa. Injini yake ya dizeli ilikuwa na mkanda mmoja wa mpira. Ukiuvisha kwenye kinu, inasaga. Ukiuvisha kwenye dainamo, kile kidude kinachozaa umeme, waya unaleta moto mpaka darasani. Vyote kwa pamoja haiwezekani. Kwa hiyo kipindi changu kikianza, unga wa kijiji kizima unasimama.

Tulifundisha hivi. Kibodi, lile bao la herufi, tuliichora kwenye maboksi kila mtoto azoeze vidole, na zamu yake ikifika ndipo anagusa yenyewe. Umeme ulipita kwanza kwenye stabilaiza, kasha la kuutuliza usirukeruke. Na kuzima ni kwa utaratibu, la sivyo kazi ya mtoto inapotea. Kiranja wangu wa kompyuta alikuwa Naserian, binti wa wafugaji, mpole lakini haogopi mtu.

Ndipo zikaja habari kwamba Afisa Elimu anatoka mkoani kukagua. Shule ambayo kompyuta yake haifanyi kazi itanyang'anywa, na kompyuta hiyo ipewe shule ya Korogwe yenye umeme wake.

Siku ya ukaguzi nilimwomba Mzee Mhina auvishe mkanda kwenye dainamo asubuhi na asiutoe. Afisa hakutokea. Jua likapanda, foleni ya akina mama wenye mahindi ikarefuka, na minong'ono nayo. Mara Mama Zawadi, aliyepewa kazi ya kumpikia mgeni, akanijia mikono kiunoni.

"Mwalimu, huyo mgeni wako atakula nini?"

"Si ugali na kuku, mama."

"Ugali wa unga upi? Au nimsongee kompyuta?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi jasho linanitoka. Mgeni kuondoka kwetu na njaa ni aibu isiyofutika, na nyumbani kwa wale akina mama kulikuwa na watoto wanaosubiri. Nikasalimu amri. Mkanda ukahamishwa, kinu kikaanza kunguruma, na gari la Afisa likaingia hapo hapo.

Aliingia darasani, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mwalimu, hii ni ya kufundishia au ni pambo?"

"Mheshimiwa, mkanda..."

"Sijauliza mkanda. Dereva! Sogeza gari mlangoni."

Mwalimu Mkuu akajaribu, "Mheshimiwa, karibu kwanza chakula."

"Sina nafasi."

Watoto walikuwa wananitazama mimi, siyo yeye. Sijui alituonea huruma au alitaka kuhakikisha tu, akawageukia.

"Yupo anayejua kuiwasha?"

Naserian akasimama. "Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba. Haya, washa."

Naserian akatoka nje.

"Huyu anakwenda wapi?"

"Anakwenda kuwasha," nikasema.

Tukamfuata hadi mashineni. Alikuwa anapiga goti kwa mama mmoja mmoja. "Shikamoo mama. Tunaomba umeme kidogo." Mmoja akamjibu, "Marahaba, ila msikawie." Mwingine akasonya lakini akasogea. Akamfikia yule ambaye mahindi yake ndiyo yalikuwa yanamiminwa.

"Mimi nipo hapa tangu asubuhi, binti. Wadogo zako hawajala."

"Najua mama. Nikimaliza nitakubebea debe mpaka nyumbani."

Mama akamtazama, kisha akamgeukia mgeni mwenye tai. "Wewe ndiye unayetaka kuwanyang'anya?"

Hakungoja jibu, akageukia kinu.

"Mhina! Toa mkanda!"

Nikamwona Mzee Mhina anapunguza injini, anauvua mkanda, anauvisha. Naserian akakimbia darasani, akawasha stabilaiza, akasubiri itulie, ndipo akabonyeza. Kioo kikabaki cheusi. Kikaendelea kuwa cheusi. Halafu kikawaka, na darasa zima likashusha pumzi. Akaandika majina ya wenzake waliokaa dawati la mbele, akayahifadhi, akazima kwa utaratibu.

"Tumewaahidi akina mama hatukawii," akamwambia Afisa.

Afisa akavua miwani, akaifuta. "Dereva, gari lirudishe kivulini. Mwalimu, chakula chenu kikiiva mniite."

Baadaye nilihamishiwa Makuyuni, kisha Kwamndolwa, ambako nilistaafu. Siku hizi umeme upo, na watoto wanawasha bila kumwomba mtu. Nafurahi, wallahi. Ila vijana mnaofundisha leo mnisamehe nikija kuwatembelea na kukaa kimya. Mtoto akinyoosha kidole kwenye kile kitufe, bado natega sikio nisikie kinu kikisimama, na siwezi kusema neno mpaka kioo kiwake.